Nyumba ikibadilishwa wayaringi, kiwepo cheti na TANESCO ipewe taarifa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi mafundi umeme tunalijua vizuri lakini tunaliongelea wenyewe kwa wenyewe tu, juu ya ngazi na chini ya dari. Mimi ni fundi umeme hapa Tanga, mwanamke, nimesomea VETA, chuo cha ufundi stadi, na nina leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Kazi zangu nyingi si nyumba mpya. Ni nyumba za zamani za Ngamiani, Chuda na Makorora, ambazo wenyewe wananiita nikabadilishe wayaringi au niongeze soketi.

Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Naunga mkono kwa moyo wote. Nimekulia kwenye jiko la kuni na najua moshi ulivyomuumiza mama yangu macho. TANESCO, shirika letu la umeme, nayo inahamasisha majiko ya presha ya umeme, na ni kweli yanakula umeme kidogo kuliko watu wanavyodhani. Ninachoomba ni kwamba, pamoja na kuangalia jiko, tuangalie pia soketi ambayo jiko hilo linachomekwa, na waya uliomo ndani ya ukuta nyuma ya soketi hiyo.

Tufanye hesabu ndogo. Jiko la presha la wati 1,000 kwenye umeme wetu wa volti 230 linavuta ampea 4 na kidogo. Hilo peke yake halina shida. Lakini jikoni hakuna jiko peke yake. Pana birika la wati 2,000, na wengi wana jiko la sahani mbili ambalo nalo linafika wati 2,000. Vyote vikiwashwa saa moja ya usiku, unazungumzia karibu ampea 22. Sasa, nyumba nyingi ninazoingia, waya wa jikoni ni wa milimita za mraba 1.5, waya uliovutwa enzi za taa, redio na pasi. Waya huo ukiwa ndani ya paipu unabeba kama ampea 17 hivi, na hapo ni kwenye hali nzuri. Ukipita darini chini ya mabati, mahali ambapo joto la mchana wa Tanga linaweza kufika nyuzi 50, uwezo wake unashuka karibu theluthi moja. Unabaki na ampea 12.

Breka ikiwa sahihi, itakatika, na itakuwa imefanya kazi yake. Kinachofuata ndicho kinachoninyima usingizi. Mwenye nyumba anachoka na breka inayoanguka kila akipika. Anaita kijana wa mtaani. Kijana anafungua boksi, anatoa breka ya ampea 16, anaweka ya 32, wakati mwingine hata ya 63 kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo mfukoni. Umeme haukatiki tena. Mwenye nyumba anafurahi, analipa, anamsifu. Lakini kuanzia siku hiyo hakuna tena kinachoulinda ule waya. Unapata moto taratibu kila jioni, ngozi yake inakauka, inapasuka, hasa pale penye jointi. Inaweza kuchukua mwaka, inaweza kuchukua mitano. Siku nyumba ikiwaka tutaambiwa chanzo ni hitilafu ya umeme, na habari itaishia hapo. Hakuna atakayeuliza ni nani aliyebadilisha breka ile, lini, na kama alikuwa na leseni, kwa sababu hakuna karatasi yoyote popote inayoonyesha kwamba kazi ile ilifanyika.

Hapo ndipo ulipo msingi wa barua yangu.

Ukijenga nyumba na kuomba umeme kwa mara ya kwanza, unatakiwa uwe na mchoro wa wayaringi wenye saini na mhuri wa mkandarasi aliyesajiliwa. Utaratibu huo ni mzuri. Lakini baada ya mita kufungwa na LUKU kuanza kuhesabu, kwa jinsi mambo yanavyokwenda mitaani, nyumba hiyo haiangaliwi tena na mtu yeyote. Unaweza kung'oa wayaringi yote, ukaongeza vyumba vinne vya uani, ukafunga heta ya bafuni na pampu ya kisima, ukageuza chumba cha mbele kuwa saluni au cha kuchomelea mageti, na mchoro ulioko kwenye jalada ukabaki ule ule wa taa nane na soketi nne. Ni sawa na mtoto aliyepelekwa kliniki siku aliyozaliwa, kisha kadi yake ikafungiwa kabatini mpaka ameota ndevu.

Nyumba zetu za Ngamiani ni za zamani. Humo ndani bado nakuta nyaya zenye ngozi ya mpira iliyovikwa kitambaa, zimepigiliwa kwenye mbao. Mpira ule ukiugusa unamomonyoka mkononi kama mkate mkavu, shaba inabaki uchi. Nakuta fyuzi za kauri ambazo waya wake mwembamba ulishaungua siku nyingi, na mahali pake pamewekwa uzi mnene wa shaba uliochunwa kutoka kwenye kipande cha waya wa soketi. Na sisi watu wa pwani tuna adui mwingine, hewa ya bahari. Chumvi inaingia kwenye skrubu za swichi, shaba inageuka kijani, mguso unakuwa hafifu, na penye mguso hafifu pana joto. Nyumba za namna hii zinahitaji kubadilishwa wayaringi, na zinabadilishwa kila wiki. Tatizo ni kwamba zinabadilishwa kimya kimya.

Nitoe mfano mmoja ili nieleweke. Nyumba yenyewe na mwenyewe siwataji. Ni nyumba ya vyumba sita vya kupangisha, ya bibi mmoja mjane ambaye kodi ya vyumba hivyo ndiyo chakula chake. Alikuwa ameshabadilisha wayaringi yote, amelipia, na kwa macho kazi ilipendeza: soketi mpya nyeupe, boksi la breka jipya, paipu zimenyooka. Aliniita kwa sababu wapangaji walikuwa wakilalamika kwamba friji inawatekenya, na yule wa chumba cha mwisho alisema hata bomba la bafuni kwenye heta linamtekenya akioga.

Nilipofungua boksi nilikuta waya wa ethi, ule wa njano na kijani unaopeleka ardhini umeme uliovuja, umekatwa na ncha yake imekunjwa na kufungwa tepu. RCD, ile breka inayozuia mtu asiuawe na umeme, ipo kwenye boksi lakini nyaya zimepitishwa pembeni yake. Nilimpigia simu kijana aliyefanya kazi. Hakunificha. "Dada, ile ilikuwa inaangusha umeme kila saa. Nikakata ethi, bado. Nikairuka kabisa, ikatulia."

Ilitulia kwa sababu alizima king'ora akauacha moto. Nilizima mein swichi, nikachomoa vyombo vyote, nikafunga mega yangu, kipimo kinachoonyesha kama ngozi ya waya inavujisha umeme, kati ya waya wa moto (ule unaoleta umeme) na wa ethi, nikapiga volti 500. Waya mzima unatakiwa usome megaohmu 1 kwenda juu, na waya mpya hupita hata 100 bila shida. Namba haikutoka kwenye sifuri. Nikatenganisha laini moja moja mpaka nikaipata, laini ya soketi za ukumbini. Msumari wa saa ya ukutani ulikuwa umepita katikati ya paipu na kutoboa waya, na ukuta wenyewe una unyevu wa choo cha upande wa pili. Umeme ukawa unavujia kwenye waya wa ethi, na waya wa ethi kwa kuwa umekatwa hauna pa kwenda, ukawa unasambaza umeme kwenye mabati ya friji, kwenye pasi na kwenye heta ya bafuni. Siku sakafu imekauka unasikia kutekenywa. Siku imelowa maji na huna viatu, ni msiba.

Kubadilisha kipande kile cha waya, kurudisha ethi kwenye nondo yake iliyozamishwa ardhini na kuirudisha RCD mahali pake haikuchukua hata nusu siku. Lakini angalia: hakuna jicho la mtu ambalo lingeuona msumari ule. Kipimo ndicho kilichouona. Na yule kijana hana kipimo. Ana testa ya kuwaka taa nyekundu tu, na testa hiyo ilimwambia umeme upo.

Nilipomaliza nilimwandikia bibi karatasi. Ina namba ya mita, tarehe, kazi niliyofanya, unene wa kila waya, ukubwa wa kila breka, namba nilizosoma kwenye mega kwa kila laini, jina langu na namba ya leseni yangu. Akaniuliza, "Mwanangu, umeme si unawaka? Karatasi ya nini tena?" Nikamwambia, bibi, hii ni ya fundi atakayekuja baada yangu, na ni ya kukulinda wewe siku mpangaji akisema nyumba yako ina umeme mbovu. Akaikunja akaitia kwenye bahasha ya hati ya nyumba.

Karatasi ya namna hiyo ndiyo ninayoiomba iwe lazima nchi nzima. Kila nyumba inayobadilishwa wayaringi, inayobadilishwa boksi la breka, au inayoongezewa laini mpya ya jiko, heta, kiyoyozi au pampu, fundi mwenye leseni aijazie cheti. Nakala moja abaki nayo mwenye nyumba, nyingine iende ofisi ya TANESCO ya wilaya iunganishwe na namba ya mita. Sisemi kila swichi iliyovunjika iandikiwe cheti. Kubadilisha swichi, holda ya taa au uso wa soketi kuachwe kama kulivyo, la sivyo watu watachoka na utaratibu utakufa kabla haujaota mizizi.

Na cheti kisicho na namba za vipimo kisikubaliwe. Nasisitiza hapa kwa sababu naijua tabia yetu. Tukiruhusu cheti cha kuweka tiki na saini tu, kesho vishoka, wale mafundi matapeli, watakuwa wanaviuza stendi vikiwa vimeshapigwa mhuri. Namba za mega, za nondo ya ethi na za RCD ni ngumu kuzibuni bila kujulikana, kwani mkaguzi akija na kipimo chake anarudia laini moja tu na anajua kama ulipima au ulikaa kivulini ukajaza.

Mdogo wangu anaishi Leicester, Uingereza. Alipobadilisha boksi la breka la nyumba yake, fundi alimpa cheti chenye vipimo vya kila laini, na baadaye akapata cheti kingine cha kuonyesha kwamba halmashauri imepewa taarifa. Nilimwomba anipigie picha karatasi zote mbili, nikazisoma mstari kwa mstari. Kule England na Wales utaratibu huu ulianza Januari 2005, kwenye kanuni zao za ujenzi, sehemu wanayoiita Part P. Kilichonivutia ni jinsi wanavyoifanya bila kumjaza mkaguzi kwenye kila mlango. Fundi aliyesajiliwa kwenye chombo kama NICEIC au NAPIT anathibitisha kazi yake mwenyewe, na taarifa inatakiwa ifike halmashauri ndani ya siku 30. Chombo kilichomsajili ndicho kinachokuja kukagua baadhi ya kazi zake. Asiyesajiliwa hakatazwi, ila lazima atoe taarifa halmashauri kabla hajaanza, na alipie ukaguzi. Mwaka 2013 England ikapunguza orodha ya kazi za kutolewa taarifa, zikabaki hasa laini mpya, kubadilisha boksi la breka, na kazi za karibu na bafu. Mtu akiuza nyumba, mwanasheria wa mnunuzi anauliza cheti kiko wapi. Na tangu mwaka 2020, mwenye nyumba ya kupangisha England anatakiwa kuipima wayaringi angalau kila miaka mitano na kumpa mpangaji ripoti.

Najua sisi si England, na sitaki tunakili kila kitu. Lakini sisi hatuanzi kutoka sifuri. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 ipo. EWURA inatoa leseni za mafundi kwa madaraja, na kufanya kazi hii bila leseni ni kosa. TANESCO ina namba ya kila mita na simu za wateja wake. Mfumo wake wa NIKONEKT tayari unapokea maombi ya kuunganishiwa umeme kwa simu. Kuongeza humo ukurasa mmoja wa fundi kupeleka cheti chake sidhani kama ni kazi ya kushinda watu walioutengeneza mfumo wenyewe. Mwenye nyumba naye apate ujumbe kwenye simu: mita yako namba fulani imepokelewa cheti cha kazi fulani kutoka kwa fundi mwenye leseni namba fulani. Kama hukumwita fundi huyo, utajua hapo hapo.

Nimezungumza jambo hili na mafundi wenzangu na wamenipinga kwa mambo mawili, yote ya kweli.

La kwanza ni rushwa. Wanasema karatasi yoyote inayopita ofisini inageuka mlango wa kuombea chai. Ndiyo maana nasema anayetia saini awe fundi, siyo ofisa. Ofisi ipokee taarifa, isitoe ruhusa. Ikitaka kukagua, ichague nyumba chache yenyewe, na fundi atakayekutwa ameandika vipimo vya uongo anyang'anywe leseni. Ofisa ambaye hana cha kuidhinisha hana cha kuuza.

La pili linaniuma zaidi. Mafundi wazuri wengi mitaani hawana leseni. Nina mzee mmoja hapa ambaye mimi mwenyewe nimejifunza mengi kwake, hakuwahi kukaa darasani na anaijua wayaringi kuliko wengi wenye vyeti. Utaratibu huu ukija ghafla utamtupa nje yeye na kumwacha kishoka mwenye hela ya kununua mhuri. VETA ina mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi anapimwa kwa kazi, anarekebishwa pale alipopungua, anapewa cheti. Naomba mpango huo ufike mpaka mitaani kwa bei ambayo fundi wa kawaida anaimudu, na upewe muda kabla cheti cha wayaringi hakijawa lazima. Mega nayo ni ghali kwa kijana anayeanza. Vikundi vya mafundi vinaweza kununua moja na kuazimana, sisi hapa tumefanya hivyo na inatembea nyumba kwa nyumba.

Gharama kwa mwenye nyumba ipo, sitaificha. Kupima nyumba ya vyumba sita vizuri kunachukua saa kadhaa, na fundi anatakiwa alipwe saa hizo. Lakini mwenye nyumba ameshanunua waya, paipu, boksi na rangi ya kufunika mikwaruzo. Malipo ya kupima ni kipande kidogo cha fedha hizo, na ndicho kipande pekee kinachomwambia kama fedha nyingine zimekwenda vizuri.

Wanaoumia zaidi ni wapangaji. Mwenye nyumba anaweza kuamua kuishi na wayaringi yake mbovu, hayo ni yake. Mpangaji hana sauti juu ya waya uliomo ukutani, hajui breka ni ya ngapi, boksi mara nyingi limefungiwa kwenye chumba cha mwenye nyumba, na yeye ndiye anayelala humo na watoto. Kama kuna mahali pa kuanzia, tuanzie kwenye nyumba za kupangisha na mabweni ya wanafunzi.

Wakati tukisubiri wakubwa, ninawaomba wasomaji wako mambo machache wanayoweza kuyafanya wenyewe. Ukiita fundi, mwombe namba ya leseni kabla hajapanda ngazi, na uithibitishe EWURA. Mwambie mapema kwamba utataka karatasi yenye vipimo, na umalizie malipo ukishaipata. Kumbuka kwamba mita na waya unaotoka kwenye nguzo ni vya TANESCO, na fundi wako hana ruhusa ya kuvigusa. Kuanzia mein swichi ndipo mali na wajibu wako vinapoanzia. Breka ikianguka mara kwa mara, usikubali iwekwe kubwa zaidi bila fundi kukueleza waya uliopo ni wa milimita ngapi. Na kama nyumbani kwako kuna RCD, ina kitufe kidogo chenye herufi T. Kibonyeze leo. Ikikata umeme, iwashe tena uendelee na shughuli zako. Isipokata, mwite fundi kabla ya mtu mwingine kuoga kwenye heta.

Kwa EWURA na TANESCO, naomba jibu kupitia gazeti hili hili: cheti cha wayaringi iliyorudiwa kinaweza kuanza lini, na sisi mafundi wa Tanga tupeleke wapi nakala za vyeti ambavyo tumeshaanza kuviandika kwa hiari yetu?

Naomba kuwasilisha.

Fundi umeme,
Ngamiani, Tanga
(Jina na anuani vimehifadhiwa kwa Mhariri)